Kombe la Ufaransa na Watu wa Visiwani

Tarehe 5 Mei imeandikwa mara mbili katika historia ya Kombe la Ufaransa. Mara ya kwanza ni mwaka 1918, ilipochezwa fainali ya kwanza ya mashindano hayo mjini Paris, nchi ikiwa bado vitani. Mara ya pili ni mwaka 1992, jukwaa lilipoporomoka katika kiwanja kimoja cha kisiwa cha Corsica, na watazamaji wakafa kabla mpira haujaanza. Baina ya tarehe hizo mbili, na hata baada yake, limo swali moja ambalo mashindano haya hayajaacha kuliuliza: taifa ni nani? Kombe la taifa ni la watu gani, na ni nani huhesabiwa ndani yake pale furaha inapogawanywa, na pale msiba unapoingia?

Msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa uzito wa swali hilo. Machi 2017 Zanzibar ilipokewa kuwa mwanachama kamili wa Shirikisho la Kandanda la Afrika, na Julai ya mwaka huohuo uanachama ule ukafutwa. Kwa hiyo habari za Wafaransa na kombe lao, ijapokuwa ni za mbali, zina mlango wa kuingilia kwetu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Ufaransa haikuwa na shirikisho moja la kandanda. Palikuwa na vyama kadhaa vilivyogombana, kila kimoja na bingwa wake, na kila kimoja kikidai kuwa bingwa wake ndiye bingwa wa nchi. Kimoja kilikuwa cha wanamichezo walioona haya kutaja fedha na michezo kwa pumzi moja. Kingine kilikuwa cha vijana wa parokia za Kikatoliki. Mwaka 1907 iliundwa kamati ya kuviunganisha baadhi ya vyama hivyo, na katibu wake alikuwa Charles Simon, mtu aliyetoka katika michezo ya vijana wa parokia. Vita vya 1914 vilimkuta katika kazi hiyo. Akaingia jeshini, na Juni 1915 akauawa katika mapigano ya Artois, kaskazini mwa nchi.

Wenzake aliowaacha, wakiwamo Henri Delaunay na Jules Rimet, hawakutaka jina lake lipotee. Januari 1917 kamati iliamua kuanzisha shindano moja litakalokuwa wazi kwa klabu za vyama vyote, na likaitwa kwa jina la marehemu: Kombe la Charles Simon. Delaunay alikuwa amevuka bahari kwenda Uingereza mwaka 1902 na kushuhudia fainali ya Kombe la nchi ile, lililoasisiwa 1871, na aliyoyaona huko hayakumtoka moyoni. Klabu 48 zilijiandikisha kwa msimu wa kwanza. Majira yale ya 1918 Paris ilikuwa ikipigwa mizinga ya masafa marefu ya Wajerumani, na hata hivyo fainali ikachezwa, Olympique ya Pantin ikaifunga FC Lyon mabao 3-0.

Inafaa kuzingatia ni lipi lilitangulia. Shirikisho la Kandanda la Ufaransa lilizaliwa Aprili 1919, karibu mwaka mmoja baada ya fainali hiyo. Kombe ndilo lililotangulia, umoja ukafuata. Watu walikutana uwanjani kwanza, ndipo wakakubali kukaa chini ya paa moja. Na kilichowakutanisha ni jina la mtu aliyekwisha kufa. Mashindano haya, tangu siku yake ya kwanza, yalikuwa na kaburi katika msingi wake.

Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza. Klabu yoyote iliyosajiliwa, iwe ya wachezaji wa kulipwa au ya ridhaa, ina haki ya kuingia, na kila msimu hujiandikisha klabu zaidi ya 7,000. Raundi sita za mwanzo husimamiwa na ligi za mikoa, ambako timu za vijiji hukutana na timu za vijiji. Raundi ya saba ndipo huingia klabu za Ligi Daraja la Pili, na klabu kubwa za Ligi Kuu hungojea mpaka zibaki timu 64. Mechi ni moja tu, hakuna marudiano; anayefungwa hutoka. Mpinzani hupatikana kwa kura, na kura haina heshima kwa mkubwa: bingwa wa nchi aweza kupangiwa kucheza na waokaji mikate wa mji mdogo. Ipo kanuni nyingine yenye huruma ndani yake. Timu mbili zikiwa zimepishana madaraja mawili au zaidi, ile ya chini ndiyo huwa mwenyeji, hata kama kura ilimpa mwenzake uwanja. Tangu msimu wa 2020–21 muda wa nyongeza umeondolewa katika mechi za kabla ya fainali. Dakika 90 zikiisha kwa sare, hupigwa penalti.

Mpenzi wa mashairi atalifahamu jambo hili kwa mfano wa malumbano. Ligi ni diwani: humpima mtu kwa wingi wa kazi yake, na mwenye hazina kubwa hushinda mwisho wa mwaka. Kombe ni malumbano ya usiku mmoja. Hapo fundi mwenye jina hukaa sawa na mvuvi asiyejulikana, na akikosa jibu mbele ya watu, jina lake halimwokoi.

Ushahidi mkubwa wa hayo ni Calais. Mwaka 2000 timu ya mji huo wa bandari ilikuwa daraja la nne, na wachezaji wake walikuwa watu wenye kazi zao za mchana. Ikazitoa Lille na Cannes, ikaitoa Strasbourg ya Ligi Kuu, kisha katika nusu fainali ikaifunga Bordeaux, bingwa wa nchi wa mwaka uliotangulia, mabao 3-1. Tarehe 7 Mei ilisimama mbele ya Nantes katika Stade de France, kiwanja kilichojengwa kwa Kombe la Dunia la 1998, na ndiyo iliyotangulia kufunga. Nantes walisawazisha, kisha wakapata penalti dakika ya mwisho na kushinda 2-1. Nahodha wa Nantes, mlinda mlango Mickaël Landreau, kijana wa miaka 20, alimwita nahodha wa Calais, Réginald Becque, wakalinyanyua kombe pamoja.

Kisa hicho husimuliwa na kuishia hapo, kwa kuwa hapo ni pazuri. Lakini klabu ile ya Calais ilifilisika, na mwaka 2017 ikavunjwa. Kombe lilimpa mnyonge siku yake moja, lakini halikubadili mpango wa mali unaomfanya awe mnyonge siku zilizobaki. Hadi mwaka 2025 Paris Saint-Germain, klabu yenye utajiri kupita zote nchini, ilikuwa imelitwaa mara 16, kuliko klabu nyingine yoyote.

Dola ilitambua mapema nguvu ya shindano hili. Mwaka 1927 Rais Gaston Doumergue alihudhuria fainali, na tangu hapo imekuwa desturi rais wa nchi kuketi jukwaani na kukutana na wachezaji. Wakati wa utawala wa Vichy serikali ilikwenda mbali zaidi. Msimu wa 1943–44 iliwaondoa wachezaji wa kulipwa katika klabu zao na kuwapanga katika timu 16 za mikoa, wakawa kama watumishi wa serikali. Na kombe la mwaka ule likachukuliwa na timu ya Nancy-Lorraine, ambayo haikudumu hata mwaka wa pili. Paris ilipokombolewa Agosti 1944, mpango ule ukazikwa. Timu za amri hazikuota mizizi kwa sababu hapakuwa na mtu aliyezipenda.

Jaribio zito zaidi lilikuja kutoka ng'ambo ya bahari. Katikati ya miaka ya 1950 klabu za Afrika ya Kaskazini ziliruhusiwa kushiriki, kwani Algeria ilihesabiwa na sheria kuwa sehemu ya Ufaransa yenyewe. Februari 1957 timu ya ridhaa ya El Biar, kitongoji cha mji wa Algiers, ilikutana mjini Toulouse na Reims, klabu iliyokuwa imecheza fainali ya kwanza ya Kombe la Ulaya mwaka 1956. El Biar ikashinda 2-0. Magazeti ya Ufaransa yakashangilia maajabu ya kombe. Lakini wiki zilezile vita vya Algiers vilikuwa vimepamba moto, na kabla mwaka haujaisha jina la El Biar lilipata maana nyingine: ndiko lilikokuwa jengo ambamo askari wa Kifaransa waliwatesa watu, miongoni mwao mwandishi Henri Alleg na mwanahisabati Maurice Audin, ambaye hakurudi tena. Neno moja likabeba mambo mawili, ushindi wa mpira na mayowe ya wafungwa, na dola ileile ndiyo iliyowaita watu wa pale raia wenzake.

Tarehe 26 Mei 1957 Toulouse iliifunga Angers 6-3 katika fainali iliyochezwa Colombes, mbele ya Rais René Coty. Watazamaji walipokuwa wakitoka, kijana wa Kialgeria, Mohamed Ben Sadok, alimpiga risasi Ali Chekkal, aliyekuwa makamu wa rais wa Baraza la Algeria na mtetezi mashuhuri wa Ufaransa, akamuua. Vita vilivyokuwa vikisemwa kuwa viko mbali vilifika mpaka kwenye lango la kiwanja, siku ile ambayo taifa lilikuwa limekutana kujitazama.

Mwaka uliofuata, Aprili 1958, wachezaji kadhaa wa Kialgeria waliokuwa wakilipwa na klabu za Ufaransa waliondoka kwa siri, wakaenda Tunis kuunda timu ya chama cha ukombozi. Miongoni mwao alikuwa Mustapha Zitouni wa Monaco, na Rachid Mekhloufi wa Saint-Étienne. Mekhloufi alizaliwa Sétif mwaka 1936, na alikuwa mtoto wa miaka minane wakati watu wa mji ule walipouawa kwa wingi Mei 1945. Alipoondoka alikuwa bado katika utumishi wa jeshi la Ufaransa, kwa hiyo alihesabiwa mtoro. Kwa miaka minne alicheza bila mshahara wa klabu wala kombe, kwa taifa ambalo bado halikuwa na kiti duniani.

Algeria ilipopata uhuru 1962, Mekhloufi akarudi Saint-Étienne. Palikuwa na hofu kuwa mashabiki wangemzomea. Walimpokea kwa mguu wake. Tarehe 12 Mei 1968, Paris ikiwa imejaa wanafunzi na vizuizi vya barabarani, Saint-Étienne iliifunga Bordeaux 2-1 katika fainali, na mabao yote mawili yalikuwa yake. Aliyekuwa jukwaani kama rais wa nchi ni Charles de Gaulle. Mtu aliyewahi kuitwa mtoro akapokea kombe mbele ya jenerali. Ilikuwa mechi yake ya kuagana na klabu ile. Alifariki Novemba 2024, na Waalgeria na Wafaransa wakamlilia, kila upande ukimwita wake. Kombe halikupatanisha nchi mbili, kwani kazi hiyo si ya mpira. Lakini lilimpa mtu mmoja nafasi ya kuwa mkweli kwa pande zote mbili bila kuomba radhi kwa upande wowote.

Baada ya Algeria, visiwa. Tangu msimu wa 1961–62 klabu za makoloni ya zamani yaliyobaki chini ya Ufaransa hushiriki: za Martinique na Guadeloupe, za Guyane ya Amerika ya Kusini, za Réunion katika bahari yetu hii ya Hindi, za Kaledonia Mpya na Tahiti katika Pasifiki, na za Mayotte. Washindi wa huko huingia katika raundi za kitaifa, na kura huwapeleka safari ya maelfu ya kilomita kwa ajili ya dakika 90, au huwaleta kwao wageni kutoka Ulaya wakiwa na makoti ya baridi mikononi. Hakuna kombe jingine la nchi moja lenye safari za namna hiyo.

Aghalabu safari hizo huishia mapema. Ila mwaka 1989 Geldar ya Kourou, kutoka Guyane, ilifika hatua ya timu 32. Ilipita miaka 31 kabla klabu nyingine ya ng'ambo kulifikia jambo hilo: tarehe 4 Januari 2020 JS Saint-Pierroise ya Réunion ilikwenda Niort, katika baridi isiyokuwa na mfano kwao, ikaifunga timu ya mji ule ya Daraja la Pili mabao 2-1. Ikatolewa na Épinal katika mechi iliyofuata, lakini kisiwani hapakuwa na aliyelalamika. Klabu hiyo ina historia na mtu mwingine mkubwa. Roger Milla wa Cameroon aliichezea msimu wa 1989–90, umri ukiwa umemtupa, kabla ya kwenda Italia na kuishangaza dunia katika Kombe la Dunia la 1990. Na Milla huyohuyo, Juni 1981, ndiye aliyefunga mojawapo ya mabao mawili yaliyoipa Bastia ya Corsica kombe lake la kwanza, ilipoifunga Saint-Étienne ya Michel Platini 2-1.

Mayotte ni habari inayotugusa kwa karibu. Wenyewe huiita Maore, na lugha yao ni ndugu wa Kiswahili. Mwaka 1975 Ngazija, Nzwani na Mwali zilijitawala, na Maore ikabaki na Ufaransa. Tangu 2011 ni mkoa kamili wa nchi hiyo. Kwa hiyo klabu ya Maore hucheza Kombe la Ufaransa, na klabu ya Nzwani, iliyo umbali wa kilomita zipatazo 70 tu, hucheza Kombe la Komoro. Watoto wa mababu wamoja, wenye kuswali kwa kiarabu kimoja na kuzikana kwa desturi moja, wametiwa katika mabakuli mawili ya kura. Kura ya Maore huweza kumfikisha mchezaji Paris kwa ndege. Ndugu yake wa Nzwani, tangu ilipowekwa viza mwaka 1995, akitaka kuvuka kwenda Maore bila karatasi hupanda mashua usiku, na wengi wamezama. Hapo ndipo neno taifa linapoonesha makali yake.

Corsica ni kisiwa kilichochukuliwa na Ufaransa kutoka kwa Genoa mwaka 1768, baada ya Pasquale Paoli na wenzake kuwa wamekwisha kuunda jamhuri yao. Kwa hivyo mechi ya Bastia na timu ya bara haijawahi kuwa ya mpira mtupu. Mwaka 1992 Bastia, ikiwa Daraja la Pili, ilifika nusu fainali na kupangiwa Marseille, klabu iliyokuwa na nguvu kuliko zote nchini. Kila mtu alitaka tiketi. Wenye mamlaka ya kiwanja cha Furiani wakabomoa jukwaa la zamani na kusimamisha la mabomba ya chuma kwa siku chache, ili idadi ya viti ikaribie kuongezeka maradufu. Jioni ya 5 Mei, kabla ya mpira kuanza, sehemu ya juu ya jukwaa hilo iliporomoka. Walikufa watu 18, na leo wanaowakumbuka huhesabu 19; waliojeruhiwa walizidi 2,300. Nusu fainali haikuchezwa, fainali ikafutwa, na kombe la mwaka ule halikupewa mtu.

Miaka kumi baadaye, tarehe 11 Mei 2002, Bastia ilifika fainali dhidi ya Lorient. Wimbo wa taifa ulipopigwa, baadhi ya mashabiki wa Corsica waliupigia miluzi. Rais Jacques Chirac aliondoka jukwaani kwa hasira, mechi ikacheleweshwa, na rais wa shirikisho akaomba radhi kwa niaba ya kandanda. Lorient ikashinda 1-0. Kitendo cha miluzi kililaumiwa kote, na hakuna haja ya kukitetea. Lakini jamaa za waliokufa Furiani walikuwa wakiomba jambo moja tangu 1992, kwamba 5 Mei pasichezwe mpira, na kwa miaka mingi jibu walilopata ni kwamba kalenda ya mechi haina nafasi. Heshima ya wimbo ilidaiwa papo hapo. Heshima ya maiti ikangojea ratiba.

Hatimaye bunge lilitunga sheria Oktoba 2021. Tarehe 5 Mei hakuna mechi ya Ligi Kuu, ya Daraja la Pili wala ya Kombe la Ufaransa itakayochezwa, na timu za ridhaa zinazocheza siku hiyo husimama kimya dakika moja, wachezaji wakiwa na vitambaa vyeusi mikononi. Ilichukua miaka 29 kwa taifa kukubali kwamba msiba wa kisiwa ni msiba wake.

Hivyo Kombe la Ufaransa, lililoanzishwa ili jina la mtu mmoja aliyekufa vitani lisisahauliwe, haliwezi tena kuchezwa katika tarehe ya fainali yake ya kwanza. Siku ile ya 1918 imewaachia nafasi watu wa Furiani. Charles Simon, aliyetaka vyama vilivyogombana vikae pamoja, asingeona vibaya.